Kanzu Mbili za Bafta

Nguo ya sandukuni haimlaki Bwana. Methali hii ilizaliwa mwaka wa 1943, wakati wa kipupwe, katika kijiji cha Kwizanga kilichoko juu kwenye milima ya Upare. Mmeisikia asubuhi hii kinywani mwa mama yenu, mkacheka, kisha mkaniuliza sanduku na Bwana vinahusianaje. Swali ni zuri, na jibu lake lina urefu. Ketini wima basi, na mwenye neno la kuuliza angoje nifike mwisho.

Mwaka huo dunia ilikuwa vitani. Vijana wa Kwizanga walikuwa wamechukuliwa kwenda kupigana katika nchi ambazo mama zao hawakuweza hata kuyatamka majina yake. Nguo zilikuwa zimeadimika kama chumvi wakati wa njaa. Duka la tambarare, mwendo wa siku nzima kwa miguu, lilikuwa na rafu tupu na mwenye duka aliyekwisha kuchoka kusema hakuna. Watu wa Kwizanga walikuwa wamesoma katika Maandiko kwamba kabla ya mwisho patakuwa na vita na habari za vita. Walitazamana, wakautazama ukungu uliokuwa ukilala juu ya migomba siku baada ya siku, wakasema kwamba Bwana yu karibu kurudi.

Wanawake wa kanisa hawakutishika. Wao walikwisha kujiandaa miaka saba kabla ya hapo. Mwinjilisti wao, Yonazi, alikuwa amewafundisha habari za umati mkubwa usiohesabika, watu wa kila kabila na lugha, waliosimama mbele ya kiti cha enzi wakiwa wamevaa mavazi meupe. Alifundisha vizuri, na wanawake walitoka kanisani siku ile wakiwa wamekata shauri kwamba kila mmoja wao atashona kanzu nyeupe ya kumlakia Bwana. Mwaka mzima waliuza mayai na mikungu ya ndizi mpaka kila mmoja akapata kipande chake cha bafta, ile nguo nyeupe nyepesi mnayoiona kwenye picha za zamani. Walishona, walifua, walianika. Kisha wakaongeza jambo moja ambalo Mwinjilisti hakulifundisha. Waliagana kwamba kanzu ikunjwe, iombewe na kufungiwa sandukuni, na sanduku lisifunguliwe tena ila katika siku moja kati ya mbili: siku ya mwenyewe kuzikwa, au siku ya Bwana kurudi. Waliogopa kanzu isije ikaguswa na vumbi la dunia hii. Mwinjilisti alipopata habari alinyamaza, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na sura ya uchaji, nalo likawa sheria.

Aliyeileta fikra hiyo ya kufunga alikuwa Nakiete.

Nakiete alikuwa mjane, fundi wa kushona kwa mkono, na mwanamke ambaye neno lake lilisimama. Kanzu yake ilizipita zote. Ukosi wake aliutarizi misalaba midogo kwa uzi wa buluu, misalaba arobaini, na hakuna uliopinda. Ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni kwa uzi wa katani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aliugusa ufunguo ule, akautazama mgongo wa mlima wa mashariki kama mtu anayengoja mgeni aliyekwisha kutuma barua. Kisha alimwombea mwanawe wa pekee, Elieskia, aliyekuwa miongoni mwa wale vijana waliochukuliwa vitani.

Elieskia huyo ndiye chanzo cha deni. Nakiete alipomzaa alishikwa na homa kali, maziwa yakamkauka, na mtoto akaanza kunyauka kama mche uliong'olewa. Damari, mfinyanzi wa kijiji, alikuwa amejifungua binti siku nne kabla, akamwita Loisi. Damari alikuja bila kuitwa, akamchukua Elieskia, akamweka ziwa la kulia na bintiye ziwa la kushoto, na kwa muda wa miezi mitano wote wawili walinyonya kwake. Nakiete alipopata nafuu alilia, akaapa kwamba deni lile atalilipa. Damari alicheka, akamwambia, "Utanilipa siku nitakapokosa. Leo ninacho." Tangu hapo, kila Nakiete alipolitaja deni, jibu lilikuwa lile lile, na cheko lilikuwa lile lile. Miaka ishirini na miwili ilipita hivyo.

Sasa sikilizeni jinsi kanzu ya Damari ilivyokwenda. Damari naye alishona yake, mishono mikubwa ya mtu aliyezoea udongo kuliko sindano. Lakini hakuwa na sanduku. Aliitundika kwenye kijiti ukutani, na wiki ya pili, kanga yake ilipokuwa haijakauka, aliivaa kanzu akaenda kisimani. Baadaye aliivaa kanisani, baadaye akaivaa akifinyanga. Wenzake waliona haya kwa niaba yake. Walimwambia kwamba kanzu yake imeanza kufanana na chungu. Yeye aliwajibu kwamba Bwana mwenyewe ni mfinyanzi, na kwamba atamtambua kwa harufu ya udongo.

Kisha kanzu ikaanza kupungua. Priska, mke wa mchunga mbuzi, alizaa pacha katika baridi kali akiwa na kitambaa kimoja tu. Damari alichana mkono mmoja wa kanzu, akamfunika mtoto wa pili. Mzee Sekibwa alijikata mguu kwa shoka, na Damari akaupasua upindo wote wa chini ili kumfunga jeraha. Mgongo wa kanzu ulikwenda kwa mjukuu wa mtu aliyekuwa na homa, ukiloweshwa maji na kuwekwa juu ya kipaji cha uso wake. Vipande vingine vilikwenda huku na huku, na yeye mwenyewe hakuviwekea hesabu. Ukosi aliukata jioni moja taa ya kanisa ilipokosa utambi, nao ukawaka mpaka ibada ikaisha.

Baada ya ibada hiyo Nakiete alimngoja mlangoni. Alimpenda Damari, na kwa sababu alimpenda, alimkasirikia.

"Damari, Bwana akija leo utamlaki na nini?"

"Na kanzu yangu."

"Kanzu ipi? Umebakiwa na uzi."

"Ipo, Nakiete. Iko kwa watu. Nitamwambia, 'Bwana, ngoja kidogo niwaite.'"

Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Nakiete hakucheka. Alirudi nyumbani ameushika ufunguo wake, akamhurumia rafiki yake kwa moyo wote.

Katika kipupwe hicho cha mwaka wa arobaini na tatu, Damari alishikwa na kichomi. Hakuugua muda mrefu. Alhamisi, jua lilipokuwa likijaribu kuutoboa ukungu, alikata roho mikononi mwa bintiye Loisi, ambaye wakati huo alikuwa mama wa watoto wawili. Ikaamuliwa kwamba mazishi yatakuwa Ijumaa alasiri, ili Mwinjilisti Yonazi, aliyekuwa kijiji cha pili, apate kufika.

Hapo ndipo sheria ya wanawake ilipowageukia wenyewe. Walikuwa wameagana kwamba hakuna mwenzao atakayelazwa kaburini bila kanzu nyeupe, maana atafufuka amevaa nini? Damari hakuwa na kanzu, dukani hapakuwa na bafta, na kila mwanamke wa Kwizanga alikuwa na kanzu nzima sandukuni. Walikusanyika uani kwa marehemu, wakatazama chini. Mmoja alisema kwamba ufunguo wake umepotea tangu masika. Mwingine alisema kwamba yake ni fupi, na Damari alikuwa mrefu. Mama Kiondo, ambaye hakujua kusema uongo, alisema aliyokuwa nayo: vita vimezidi, ishara zimetimia, na kama Bwana akija Jumamosi, yeye atasimama wapi? Habari zilipomfikia Mwinjilisti njiani alituma neno kwamba wachukue kanzu yake ya ibada. Walijadiliana, wakaona kwamba haifai mwanamke kufufuka katika vazi la kiume.

Loisi aliwasikiliza wote, kisha akaondoka, akaenda nyumbani kwa Nakiete. Nakiete alikuwa ameketi mlangoni, sindano mkononi, wala hakuwa akishona chochote. Loisi alimwita mama tangu utotoni, kwa haki ya maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Keti."

Loisi hakuketi.

"Mama amelala na kanga iliyotatuka. Jana alinipa ujumbe nikuletee. Alisema, 'Nakiete aliahidi kunilipa siku nitakapokosa. Mwambie kwamba nimekosa.'"

Mkono wa Nakiete ulipanda wenyewe mpaka shingoni.

"Deni nalikiri," alisema. "Sijawahi kulikana. Lakini kanzu hii si yangu tena, Loisi. Nimemwekea Bwana."

"Na yale maziwa, mama, yalikuwa yamewekwa kwa ajili ya nani?" Loisi aliuliza kwa upole. "Yalikuwa yangu."

Nakiete alimwomba Loisi ampe muda mpaka asubuhi. Loisi aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jinsi Nakiete alivyoupitisha usiku ule hakumsimulia mtu yeyote. Ijumaa asubuhi aliwaita wanawake wa kanisa waje nyumbani kwake, kwa kuwa sheria ilidai mashahidi. Walikuja kumi na wawili, Loisi akiwa miongoni mwao, wakasimama wamebanana katika chumba kidogo. Aliwaambia kwamba ameamua kulipa deni lake, na kwamba Bwana akimkuta bila kanzu, yeye mwenyewe atajieleza. Sauti yake ilikuwa imara, lakini alijaribu mara tatu kabla ufunguo haujaingia.

Kifuniko kilifunguka kwa urahisi, kwa urahisi kupita kiasi. Harufu iliyotoka haikuwa ya nguo. Ilikuwa harufu ya shamba lililolimwa. Lakini kanzu ilikuwapo. Ililala juu kabisa kama alivyoikunja, ukosi ukiwatazama, misalaba arobaini ya buluu juu ya weupe usio na doa, na wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Nakiete aliinama, akaishika kwa mikono miwili, akainua.

Ukosi ulikuja peke yake.

Chini yake hapakuwa na kanzu. Palikuwa na udongo mwekundu, mkavu, uliojengwa kwa vichuguu vyembamba, na mchwa wachache walioshtushwa na mwanga. Walikuwa wamepanda kutoka kwenye sakafu kupitia tako la sanduku, miaka iliyokwisha kupita, wakala kwa utulivu, kwa sababu hakuna aliyewasumbua. Hata mikunjo waliifuata, kwa hiyo udongo wenyewe ulikuwa na umbo la nguo iliyokunjwa vizuri.

Nakiete alipiga magoti mbele ya sanduku lake, ukosi mkononi, akatazama muda mrefu. Kwa miaka saba alikuwa ameugusa ufunguo kila asubuhi akimshukuru Mungu kwa ajili ya udongo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mkavu.

"Kanzu ya Damari imeliwa, na yangu imeliwa," alisema. "Yake imeliwa na watu. Yangu imeliwa na mchwa. Niambieni, wenzangu, ni ipi ambayo Bwana atauliza habari zake?"

Priska, yule mama wa pacha, alijipenyeza katikati ya wenzake akatoka mbio. Wengine walidhani kwamba anakwenda kulitazama sanduku lake, na kweli, baada yake walitoka wengi kwa sababu hiyo hiyo, kila mmoja akiwa na ufunguo mkononi, hata yule ambaye wake ulikuwa umepotea. Lakini Priska hakwenda sandukuni. Alirudi akihema, ameshika kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mpaka kimekuwa laini kama sikio la mbuzi mchanga.

"Huu ni mkono wa kanzu ya Damari," alisema. "Watoto wangu wamekwisha kukua. Nimekuja kuurudisha."

Ndipo Nakiete alipoyakumbuka maneno ya mlangoni mwa kanisa: iko kwa watu, ngoja niwaite. Aliinuka, akamshika Loisi mkono, nao wawili wakatoka kupita nyumba kwa nyumba. Hawakuhitaji kueleza sana. Mgongo wa kanzu ulipatikana ukiwa umefunika chungu cha maziwa. Kipande kimoja kilikuwa kiraka katika suruali ya mzee mmoja, ambaye aliwaomba wangoje, akaingia ndani, akatoka amejifunga blanketi huku akiwaagiza wasicheke. Mzee Sekibwa alitafutwa mpaka malishoni. Kitambaa kilichomfunga jeraha alikuwa amekisokota kamba, na kamba ile ilikuwa shingoni mwa beberu wake. Aliifungua mwenyewe, akaifua mwenyewe mtoni, mzee mzima mwenye mvi, akaileta mbichi bila kumtazama mtu machoni. Beberu alikwenda zake katika shamba la watu, na siku hiyo hakuna aliyemshtaki.

Wakati huo walikuwa wakirudi wale waliokwenda kufungua masanduku. Baadhi yao walikuwa wamekuta udongo kama wa Nakiete. Wengine walikuta kanzu zao zimeota manjano kwenye mikunjo, zikachanika ziliposhikwa. Ni tatu tu zilizokuwa nzima, na moja kati ya hizo ilikuwa ya Mama Kiondo. Aliileta mikononi mwake, akamnyooshea Nakiete.

"Mvalishe hii. Ni nzima. Jana nilisema maneno mabaya."

"Ulisema kweli, na kweli si neno baya," Nakiete alimjibu. "Lakini Damari anayo yake. Hii mvalishe aliye hai. Kipupwe hakijaisha, na pale kwa Priska kuna watoto wawili wanaotetemeka."

Mama Kiondo alisimama kidogo, akaitazama kanzu aliyoilinda kwa miaka saba. Kisha akashika njia ya kwenda kwa Priska.

Nakiete aliketi uani kwa marehemu, akavipanga vipande juu ya mkeka. Alishona tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri, na wenye sindano wakamsaidia, lakini mishono ya kuunganisha aliishona yeye. Vipande havikulingana. Kimoja kilikuwa cheupe, kingine cha rangi ya udongo, kingine kilinuka moshi, na kile cha Mzee Sekibwa kilikataa kunyooka, kikabaki kimepindana kama kilivyozoea. Mkono wa kushoto ulikosekana kabisa, kwa hiyo walitumia kiraka cha suruali, nao ukawa mfupi. Hakuna aliyesema kwamba si kanzu. Mwinjilisti Yonazi alipofika alisimama nyuma yao, kofia mkononi. Alitazama mkeka, akatazama masanduku yaliyotolewa nje na kuachwa wazi juani, akasema kwa sauti ndogo kwamba aliwafundisha kushona, akasahau kuwafundisha kuvaa.

Walimvalisha Damari. Kanzu ilimtosha, isipokuwa shingoni, ambapo palibaki wazi, kwa kuwa ukosi ulikwisha kuwaka katika taa ya kanisa na hapakuwa na mtu wa kuurudisha. Loisi alitaka kupafunika kwa kanga. Nakiete alimzuia. Alichukua ule ukosi wa misalaba ya buluu, kitu pekee ambacho mchwa walimwachia, akapiga magoti kando ya rafiki yake, akaushona pale pale, mshono kwa mshono, bila haraka, kama mama amshoneaye mtoto nguo akiwa amelala. Wasichana waliokuwa wameolewa karibuni walisimama wakitazama. Mmoja wao alimnong'onezea mwenzake kwamba na yeye anayo bafta, ameificha.

Nakiete alimsikia. Hakugeuza uso, wala hakuiinua sauti.

"Nguo ya sandukuni haimlaki Bwana," alisema, akaendelea kushona.

Alipofika msalaba wa arobaini alifunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Kisha aliinama karibu na sikio la Damari.

"Ulinilelea mwana," alimwambia, "nami nilikuahidi. Nimechelewa, mwenzangu, lakini nimelipa."